Oili Inayovuja Bila Kupungua

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi mbaya. Doa la oili chini ya gari langu, pana kama sahani, juu ya vigae vipya vya uani. Nimekuwa wa pili kuliona. Wa kwanza ni mama mwenye nyumba, ambaye anakaa ghorofani na ambaye macho yake hayana likizo. Alikuwa ameshashuka, mtandio begani, akaniuliza kwa upole wa kutisha kama gari langu halikufunzwa adabu kwao.

Nikamwambia ni jasho tu. Gari la dizeli la zamani hutoka jasho. Akasema yeye pia ni wa zamani na hutoka jasho, lakini haachi doa kwenye vigae vya watu. Hadi Jumamosi ama doa likome, ama gari lihame. Kisha akanitakia siku njema. Yule mama hugomba kama anayebariki.

Shida haiji peke yake, huja na shemeji. Yeye ni kaka wa mke wangu. Ana gari jipya la petroli, jeupe, lisilo na sauti, linaingia uani kama mwizi. Jioni alikuja kuchukua suruali yake. (Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na kupanua viuno vya suruali za watu wanaonenepa, na shemeji ni mteja mwaminifu wa huduma hiyo ya pili.) Akalitazama doa akatikisa kichwa kama daktari. Akasema kila kitu kina siku yake ya mwisho. Ana mtu wake anayenunua magari makuukuu na kuyakatakata vyuma, atamleta Jumamosi. Nikamwambia asante, shemeji, kwa sauti ambayo haikuwa na asante ndani yake.

Nilitegemea mke wangu atamfokea. Hakufoka. Alikoroga chai, akasema gari ni chuma tu, na mgongo wangu ni mmoja.

Chuma tu. Chai yangu niliiacha ikapoa.

Nikuambie, daftari, maana mwingine wa kumwambia sina. Watoto wetu wamekua, wametawanyika na maisha yao. Tumebaki wawili. Kila Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, tunapanda Kikohozi, jina ambalo mke wangu mwenyewe alilibandika gari, tunaegesha kando ya uwanja wa mpira, tunakula njugu. Hatuendi popote. Anavua viatu, anapandisha miguu mbele ya kioo, anaongea. Nyumbani huniambia gesi imeisha. Garini huniambia habari zake. Gari likiondoka, nitakuwa nasikia habari za gesi tu mpaka naingia kaburini.

Nimekata shauri. Mahali oili inapovujia nitapatafuta kwa mikono yangu. Fundi magari wa kona simwiti. Huyo huitwa kwa tone la oili akaondoka na gia boksi.

Kabla ya magharibi nimeongeza oili kikombe, kwa tahadhari tu. Sikupima. Injini ni kama mgeni: humuulizi kama ana njaa, unampakulia.

Jumanne, 9 Septemba

Mbinu ya kwanza: vitambaa. Nimetandika vipande vyeupe vya mabaki ya mashati ya shule chini ya gari, kila kimoja nimekiandika kwa chaki kiko chini ya nini. Hiki sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hiki gia boksi, hiki chujio la oili. Tone likiangukia kimoja, kilicho juu yake ndicho mkosaji. Akili ya cherehani hiyo. Hakuna chuo kinachoifundisha.

Saa nne upepo ukavuma. Saa tano nikakuta vitambaa vyote vimerundikana kwenye gurudumu moja, na paka wa mama mwenye nyumba kalala juu yake. Vyote vina oili. Paka pia ana oili. Kwa ushahidi ule, mkosaji ni paka.

Nikaingia uvunguni mwenyewe, chali, nikatazama juu. Tone likaniangukia katikati ya paji la uso. Nikatamka neno ambalo nimeshaliombea toba.

Adhana ya adhuhuri ikanikuta huko huko chini. Nikajifuta na kitambaa cha gia boksi, nikachukua udhu mbio, nikawahi safu ya pili. Baada ya swala, imamu wetu, mzee mpole anayeona mbali kuliko karibu, akanishika mkono. Hakuuachia. Akanitazama usoni, machozi yakamlengalenga. Akasema amefurahi kuona sijda imenitoka.

Unaijua sijda, ile alama nyeusi inayowatokea kwenye paji wale wanaosujudu sana usiku. Imamu akasema miaka yote alinidhania mtu wa kulala fofofo, na akaniomba radhi kwa dhana yake mbaya.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini watu walikwisha kutuzunguka, na mmoja, muuza viatu, alinipa mkono kisha akaupaka uso wake mkono huo. Nikainamisha kichwa kwa aibu. Wakasema tazama unyenyekevu wake.

Nimesugua kwa sabuni ya kufulia. Imefifia, haijatoka. Oili ya dizeli ni kama uvumi: ukiisugua, inatanuka.

Jioni nimepima oili kwa kijiti chake. Sikuamini. Nikakifuta, nikapima tena. Imejaa! Imepita hata mstari wa juu. Gari linavuja usiku, linavuja mchana, na oili haipungui. Kikombe changu cha jana hakiwezi kufanya hivyo. Nikasimama pale na kijiti mkononi, nikasema Subhanallah.

Mke wangu sijamwambia. Karama hazitangazwi.

Jumatano, 10 Septemba

Mbinu ya pili. Nimekumbuka mteja wangu mmoja, dereva wa lori, aliyewahi kunieleza: osha injini iwe safi, ipake poda, iwashe, kisha tazama. Oili itachora njia yake yenyewe juu ya weupe.

Nimekwenda dukani kununua poda ya mtoto. Kopo kubwa. Muuza duka akanipongeza, akauliza wa kike au wa kiume. Nikamjibu ni la dizeli. Akanitazama kwa huruma, akaangalia paji langu, akanipunguzia bei.

Asubuhi nzima nimeosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni. Nimeipaka poda kila kona, ikawa nyeupe, inanukia kama kitanda cha mtoto mchanga. Hapa palitakiwa akili kidogo. Nikaiwasha huku nimeinama juu yake.

Feni ya injini haikusita. Poda yote iliyokuwa imelegea ilinirudia.

Mke wangu akatoka kuona kishindo ni cha nini. Akanikuta nimesimama mbele ya boneti, mweupe kuanzia kofia mpaka kifuani, na sijda nyeusi katikati. Alianza kucheka akiwa amesimama, akamalizia amekaa kizingitini, anajifuta macho kwa upindo wa gauni. Sijamsikia akicheka hivyo nje ya gari kwa muda mrefu sana. Nikasahau hata kwa nini nimepakwa. Nilisimama tu ili aendelee kunitazama.

Kisha akajikaza, akaniambia nikaoge haraka kabla mama mwenye nyumba hajadhani nimekufa na nimefukuzwa huko nilikokwenda.

Poda iliyonata kwenye injini ilikuwa ya kutosha. Nimeiacha ilale nayo. Kesho itasema.

Alhamisi, 11 Septemba

Imesema! Niliporudi kutoka swala ya alfajiri, kumepambazuka, nilifunua boneti. Mfereji mweusi umeshuka kutoka kwenye mfuniko wa kujazia oili, juu kabisa ya injini, umepita ubavuni, umefika chini. Kama chai iliyomwagika birikani. Basi sampu haina hatia, chujio halina hatia, paka naye nimemwachia huru. Mkosaji ni mfuniko.

Nimekata raba ya duara kutoka ndala kuukuu ya mke wangu, ya kushoto, nimeivalisha mfuniko, nimekaza hadi kiganja kikauma. Ilikaa kama imezaliwa pale. Nilijisifu kwa sauti ya chini.

Ningekomea hapo. Lakini shetani ana ofisi ndogo kichwani mwangu, na huifungua baada ya chakula cha mchana. Shemeji alisema atapita alasiri kulipiga picha gari amtumie mnunuzi wake. Nikawaza. Nikalisukuma Kikohozi nyuma kidogo, nikaacha doa wazi, mahali pazuri pa kuegesha. Shemeji akaja, akaegesha pale pale, lile doa likawa chini ya gari lake jipya. Nami nikapanda kumgongea mama mwenye nyumba, nikamwambia kwa masikitiko kwamba siku hizi hata mapya yanavuja.

Akashuka. Akatazama. Akamuuliza shemeji kama na lake halikufunzwa adabu. Shemeji akaruka kama aliyekanyaga kaa. Akaapa, akapiga magoti athibitishe kuwa chini ya gari lake ni pakavu, akainama zaidi, na ile suruali niliyompanulia Jumatatu ikapasuka nyuma kuanzia mkanda hadi mahali pasipoandikika.

Shemeji, bado kapiga magoti, akasema kumbe mshono wangu unavuja kuliko gari langu.

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu alicheka. Mimi nilichukua sindano. Suruali nimeirudia bila malipo, mteja wangu akiwa kajifunga shuka yangu na kunielekeza kila mchomo.

Magharibi, imamu kanivuta pembeni. Anaomba kesho baada ya alasiri niwape watu mawaidha mafupi. Mada kaichagua mwenyewe: ikhlasi, yaani kumfanyia Mungu jambo bila kujionyesha kwa watu. Akasema nani aifundishe ikhlasi kama si mtu aliyeficha sijda yake miaka yote.

Nimekula kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nitaandika yote, daftari.

Alfajiri niliondoka mapema, nikamkuta imamu kwenye mabomba ya udhu, peke yake. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: uvungu, tone, kitambaa cha gia boksi. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: ni rangi, au ni tabaka? Maana rangi haizuii maji ya udhu kugusa ngozi, tabaka linazuia. Akanisugua paji kwa dole gumba. Dole likatoka jeusi. Akaliangalia, midomo ikamcheza, akaniambia nirudi nyumbani nikaoshe vizuri, muda upo, na swala zangu za tangu Jumanne tutazizungumza kukicha.

Nikarudi mbio. Lango la uani halikufungwa. Boneti ya Kikohozi iko wazi, na mtu kainama juu ya injini. Nikaokota fagio.

Mwizi alikuwa amebana tochi kwapani. Mkononi ana birika. Lile birika letu kuukuu, ambalo niliambiwa limetoboka na kutupwa. Anamimina, anasema Bismillahi, nusu inaingia tunduni, nusu inashuka ubavuni mwa injini kama mfereji. Mguuni ana ndala moja, ya kulia.

Mke wangu.

Tulitazamana. Akaniuliza kwa nini nimeshika fagio. Nikamuuliza kwa nini ameshika birika.

Basi yakatoka. Kaka yake alimwambia zamani kidogo kwamba dizeli likizeeka linakunywa oili, na siku likiikosa linakufa kifo kisicho na ufufuo. Tangu hapo, kila nikienda msikitini alfajiri, anaswali upesi, anashuka kulinywesha. Kupima hajui. Anamimina hadi moyo utulie. Kwa hiyo injini imejaa kupita kiasi na inatapika, na ile inayomwagika nje ndiyo iliyonipaka paji, ikampaka paka, ikapaka vigae. Hakuna kilichopasuka. Hakuna kilichotoboka. Gari lilikuwa limeshiba.

Nikamuuliza mbona alisema ni chuma tu. Akatazama birika. Akasema siku moja mgongo ulinikamata nikitoka uvunguni, nikalalamika kwamba gari hili nimelichoka. Akadhani namvumilia yeye na njugu zake. Akasema: nilikuwa nakufungulia mlango, mume wangu, utoke bila kuona haya.

Nikamwambia sikuwahi kuutaka huo mlango. Nikamwambia wiki nzima nimelala uvunguni kwa sababu ya Ijumaa. Kisha nikajifanya nakohoa. Akasema sasa mko wawili, wewe na gari.

Akachovya pembe ya mtandio wake kwenye mafuta ya taa, akanifuta paji taratibu, kama alivyokuwa akiwafuta watoto. Sijda ikatoka yote. Nikawahi rakaa ya mwisho.

Mchana nimefungua parafujo ya chini, nimepunguza oili hadi mstari unaotakiwa, nimeosha kila kitu. Alasiri imamu aliliona paji langu safi, akapanda kutoa mawaidha ya ikhlasi yeye mwenyewe. Kama nisingemjua, ningesema alinikonyeza.

Kisha uwanjani. Njugu. Miguu mbele ya kioo. Amenihadithia ndoto, na ugomvi wa dada yake na jirani, na kwamba anaogopa kuzeeka kabla yangu. Tumewekeana ahadi: oili itapimwa Ijumaa kwa Ijumaa, sote wawili tukiwa tumesimama pale, na hakuna atakayelinywesha gari kwa siri. Tumepeana mikono kama wafanyabiashara.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamekuja. Shemeji mbele, mnunuzi nyuma, mtu mfupi anayegonga vyuma kwa kidole na kusikiliza kama anayenunua tikiti maji. Nilikuwa nimepanga hotuba. Haikuhitajika.

Mke wangu alikuwa ndani ya gari tangu asubuhi. Kavaa nguo ya kutokea, mkoba mapajani, vioo kavipandisha. Kaka yake akamgongea. Akateremsha kioo upana wa kidole, akasema: kaka, mgeni umemwalika wewe, chai kampe wewe. Akapandisha kioo.

Shemeji akamweleza mnunuzi kwamba dada yake atashuka tu. Mnunuzi akasema yeye hununua magari matupu.

Mama mwenye nyumba akateremka na leso nyeupe. Akainama, akaipitisha kwenye kigae chini ya injini, akaiinua kwenye mwanga. Safi. Akatangaza kwamba gari limepata adabu kuliko baadhi ya waliosimama hapa, na hakusema ni akina nani, ingawa alimtazama shemeji nyuma, kwenye mshono.

Mnunuzi, ili asirudi mikono mitupu, akauliza bei ya lile gari jeupe. Shemeji hakubaki hata kwa chai.

Nikaingia garini nikakaa upande wa usukani. Hatukwenda popote. Akaniambia gesi imeisha. Kumbe hata habari za gesi, zikisemewa garini, ni nzuri.

Jumatatu, 15 Septemba

Vigae vikavu. Jana vikavu, leo vikavu. Mwingine angefurahi. Mimi nimepata wasiwasi. Gari hili kila siku lilikuwa linatoa kitu; sasa halitoi. Je, bado linacho cha kutoa? Mtu akiacha kulia ghafla si lazima awe amepona.

Ahadi ni ahadi. Lakini nimeitafakari vizuri nikirudi kutoka alfajiri, na nimeona kwamba tulichokataza ni kunywesha. Nusu kikombe si kunywesha. Nusu kikombe ni kulowesha koo.

Nikafunua boneti polepole isilie. Mfuniko wa oili nikaukuta umelegea, na pembeni yake pamelowa oili mbichi. Nikashtuka, kisha nikaelewa: dizeli la zamani hutikisika sana, mwisho hulegeza hata kilichokazwa. Heri nimekuja. Nikatia nusu kikombe, nikaongeza na nusu ya pili kwa sababu ya ile iliyopotea, nikakaza.

Ndani nikamkuta mke wangu ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Nikamuuliza kulikoni mapema hivi. Akasema ni harufu ya vitunguu. Hakuniuliza nilikotoka, wala sikumwambia. Niliona haya, daftari. Mwenzangu ahadi anaitunza, mimi hata wiki sijaimaliza.

Adhuhuri, tone juu ya kigae. Moja tu, lakini nene. Safari hii halinisumbui kichwa. Ni sampu.